Garamond kwenye kitabu cha ukoo: mbona inaonekana ndogo, na je urudi Times?

Swali ni la mwalimu mstaafu wa Marangu. Ameandika historia ya ukoo wao, saizi ya A5, kurasa kama 180, anataka nakala 300. Kijana wa stashenari Moshi mjini alimpangia kwa Garamond pointi 11 akamwambia ndo fonti ya vitabu na inaokoa wino. Sampuli ilipotoka wazee wakasema hawaoni kitu. Alafu faili lilipofika kwa mchapaji Arusha kurasa zikaongezeka, picha zikahama, na herufi zikawa kama sio zile. Anauliza Garamond ni kitu gani hasa, inamfaa, au arudi kwenye Times New Roman aliyoizoea toka enzi za kuandaa mitihani.

Shikamoo mwalimu, na pole na usumbufu. Nianze na jibu alafu ndo tuongee vizuri: baki na Garamond, ila iwe ile inayoitwa EB Garamond, iwe pointi 13, na kwa mchapaji upeleke PDF, faili la Word libaki nyumbani. Hayo matatizo yako mawili, udogo na kurasa kuhama, yana vyanzo tofauti kabisa na yote yanatibika wiki hii hii kabla hujalipa hata shilingi ya karatasi.

Tuanze na udogo. Wengi tunadhani pointi 11 ni pointi 11, yani ukibadilisha fonti ukaiacha namba basi maandishi yatabaki na ukubwa ule ule. Haiko hivo. Ile namba inapima boksi ambalo herufi inakaa ndani yake, zamani lilikuwa kipande cha madini ya risasi kweli kweli unakishika mkononi, na mchonga herufi ndo anaamua herufi ijaze boksi kiasi gani. Times imejaza. Herufi zake ndogo kama a, e, m, n, x zimepanda juu na kula sehemu kubwa ya boksi. Ukiseti pointi 12, x ya Times ina kimo cha karibu milimita 1.9, ya EB Garamond haifiki 1.7, na ile Garamond inayokuja na Word ni ndogo kuliko hata hiyo. Kwaiyo Garamond 11 ya kijana wetu, machoni mwa mzee wa miaka themanini, haifiki hata Times 10. Wazee wako walikuwa sahihi kabisa, na wala tatizo sio miwani yao.

Hapo hapo nimalize hili la kuokoa wino manake nalisikia kila mahali. Mwaka 2014 mwanafunzi mmoja wa Marekani alitoa hesabu kwamba serikali yao ingeokoa mamilioni ya dola kwa kuhamia Garamond, habari ikazunguka dunia nzima. Watu wa fonti wakajibu kwa hoja rahisi: inatumia wino kidogo kwa sababu kwa namba ile ile ya pointi ni ndogo. Ukiipandisha mpaka isomeke sawa na Times, sehemu kubwa ya huo uokoaji inapotea. Kwaiyo usichague Garamond kwa ajili ya wino. Ichague kwa ajili ya msomaji.

Na msomaji anapata nini? Hapa ndo napenda kukaa. Kwa vile herufi ndogo za Garamond ni fupi, zile zenye mikono, b, d, h, k, l, zinapanda juu sana ukilinganisha na jirani zake, na p na g na y zinashuka vizuri chini. Angalia Kiswahili chetu kilivyo: maneno marefu, yamejaa irabu, a inafuatana na a, "walipokaribishwa", "wanaotuangalia", "yaliyowapata". Kwenye fonti iliyojaa boksi neno kama hilo linakuwa ukuta, jicho halina pa kushika. Kwenye Garamond zile k na l na h na b zinatokeza juu na jicho linapata pa kushika. Pia unene wa mistari yake haupishani sana, mistari minene na myembamba inatofautiana kwa upole, na ule mlalo wa o na e unaegemea kushoto kidogo kama unavyotoka kwenye kalamu ya mtu anayeandika kwa mkono. Ukurasa mzima unakaa rangi moja ya kijivu tulivu, hauna sehemu nyeusi sana wala mashimo meupe. Kwa kitabu cha kurasa 180 ambacho mtu atakaa nacho jioni nzima, huo utulivu ndo kila kitu.

Times ilizaliwa kwa kazi nyingine. Gazeti la The Times la London liliianza tarehe 3 Oktoba 1932, Stanley Morison akisimamia na Victor Lardent akichora, na lengo lilikuwa maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba ya gazeti na bado yasomeke. Kwa hilo ilifanya kazi nzuri sana. Lakini ukiichukua ukaitandaza kwenye mstari mrefu wa kitabu inabana, mstari unakuwa na herufi nyingi mno na jicho likimaliza mstari mmoja linapata shida kuupata unaofuata. Ndo maana mitihani na ripoti za Times zinachosha hata zikiwa fupi.

Sasa hili la faili kubadilika likifika Arusha. Ili ulielewe lazima nikueleze kwamba Garamond sio fonti moja, ni ukoo, na wewe mwandishi wa koo utaliona hili haraka.

Claude Garamond alikuwa mchonga herufi Paris, akafariki 1561. Kazi ilikuwa hivi: unachonga herufi moja, kinyume, kwenye ncha ya chuma kigumu, unaigonga hiyo ncha kwenye kipande cha shaba inaacha shimo lenye umbo la herufi, alafu unamimina risasi ya moto mle unatoa herufi nyingi kadri utakavyo. Na kila ukubwa ulichongwa upya peke yake, kwaiyo herufi za maandishi madogo zilifanywa nene kidogo na zenye nafasi, zile kubwa za vichwa zikafanywa nyembamba na za madaha. Kompyuta imetunyang'anya hilo kwa sehemu kubwa, inachukua umbo moja inalivuta likue au lisinyae. Alipofariki vifaa vyake viliuzwa, vingine akavichukua Christophe Plantin wa Antwerp, Ubelgiji, na mpaka leo viko kwenye makumbusho ya Plantin-Moretus, mtu unaenda unaviona. Herufi zake zilifika pia Frankfurt, Ujerumani, na mwaka 1592 kiwanda cha Egenolff-Berner cha huko kilichapa karatasi ya sampuli ikitaja herufi ipi kaichonga nani. Karatasi hiyo ndo msingi wa EB Garamond, E na B ni Egenolff na Berner, na Georg Duffner wa Austria akaitoa bure kwa kila mtu mwaka 2011.

Baadae kidogo akatokea Jean Jannon, mchapaji wa mji wa Sedan, naye akatoa sampuli ya herufi zake 1621. Kwa haraka zinafanana na za Garamond ila zina makali zaidi, zile serifu, yani vijimkia vidogo kwenye ncha za mistari ya herufi, za juu ya m na n na r zimechongoka na kubonyea ndani, na a ana tumbo dogo mno. Mwaka 1641 kiwanda cha uchapaji cha mfalme wa Ufaransa kikanunua seti zake, miaka ikaenda, watu wakasahau nani kachonga nini, na zilipofufuliwa karne ya ishirini zikapewa jina la Garamond. Kampuni ya fonti ya Monotype wakatoa yao 1922. Miaka minne mbele Beatrice Warde, mtafiti wa mambo ya uchapaji, akiandika kwa jina la kiume la Paul Beaujon, akaonyesha kwamba hizi ni za Jannon, ila jina lilishaota mizizi. Basi hiyo Garamond inayokuja na Word ni ya Monotype, yani ni ya Jannon. Adobe Garamond ya Robert Slimbach, 1989, ni ya Garamond mwenyewe. Sabon ya Jan Tschichold nayo inatoka kwa Garamond ingawa jina halisemi. ITC Garamond ya 1975 imenyanyuliwa herufi ndogo mpaka karibu inapoteza sura ya familia. Zote hizo zina upana tofauti, kimo tofauti, nafasi tofauti.

Kwaiyo kilichokupata, kwa ninavyoona, ni kwamba kompyuta ya Moshi ilikuwa na Garamond fulani na ya Arusha haikuwa nayo. Word ikikosa fonti hailalamiki, inachukua nyingine inayoiona inakaribia inaendelea kimya kimya, na hapo kila mstari unakatika sehemu mpya, kurasa zinaongezeka, picha zinasukumwa. Mchapaji hana kosa na kijana hana kosa, faili la Word halibebi fonti lenyewe mpaka uliambie libebe. PDF ndo inabeba. Ukitengeneza PDF hakikisha fonti zimepachikwa ndani, ifungue kwenye Adobe Reader, angalia taarifa za faili sehemu ya fonti, kila jina liwe na maelezo kwamba limepachikwa. Sababu nyingine ya kukusukuma kwenye EB Garamond ni hiyo hiyo: ni ya bure kihalali, iko Google Fonts, kijana anaipakua Moshi na mchapaji anaipakua Arusha na wote wanakuwa na kitu kimoja, na leseni yake inaruhusu kuchapa na kuuza kitabu bila kumuomba mtu ruhusa. Pakua na italiki yake kabisa, manake ukiisahau Word itainamisha herufi za kawaida kwa nguvu na utapata kitu kilichopinda, hakina sura. Italiki halisi ya EB Garamond inatoka kwenye kazi ya Robert Granjon, mchonga herufi wa enzi zile zile, ipo kwenye ile ile karatasi ya 1592, na ni nzuri mno kwa kazi yako. Maneno yote ya Kichagga kwenye kitabu, majina ya vihamba, methali za babu, weka italiki hiyo mara ya kwanza yanapotokea.

Sasa karatasi na mashine, na hapa nakuomba usome taratibu manake hapa ndo vitabu vingi vya kwetu vinaharibikia.

Zamani herufi ya risasi ilikandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu, wino ukatambaa kidogo pembeni, herufi ikanenepa. Garamond unayoiona kwenye vitabu vya kale imenenepeshwa na wino. Za kompyuta nyingi zimechorwa bila huo unene, kwaiyo kwenye karatasi nyeupe pee na printa nzuri ya leza zinatoka zimekonda, za kijivu. Alafu ukipeleka kwenye karatasi laini ya bei rahisi inayonyonya wino linatokea tatizo la upande wa pili: yale matundu madogo, jicho la e na tumbo la a, yanajaa. Garamond ina jicho la e dogo sana, ni sura yake, ndo inavyotambulika. Kwa Kiswahili hilo ni jambo la kufikiria kwa makini kuliko kwa Kiingereza kwa sababu a zetu ni nyingi kupita kiasi, zikiziba a umeziba nusu ya ukurasa.

Kwaiyo muulize mchapaji mapema: atachapa kwa ofseti, kwa mashine ya dijito, au kwa riso? Kama ni ofseti au dijito kwenye karatasi ya gramu 70 au 80, rangi ya krimu ukiipata, EB Garamond itatoka vizuri sana. Nyeupe kali inachosha macho ya wazee, krimu inasaidia. Ukiona sampuli imekonda, EB Garamond ina uzito wa katikati unaoitwa Medium, umezidi ule wa kawaida kidogo tu, tumia huo kwa maandishi yote na msomaji hatajua umefanya nini, ataona tu inasomeka. Kama ni riso, ile ya mitihani ya shule, basi mwalimu hapo nakushauri uache Garamond kabisa uchukue Charis. Nayo ni ya bure, inatokana na Charter ambayo Matthew Carter aliichora miaka ya themanini makusudi kwa printa za kiwango cha chini, serifu zake ni nene na za pembe, matundu yake makubwa, haiharibiki kirahisi. Na ikitokea umeandika Kichagga chenye alama juu ya irabu, Charis inazo zote.

Vipimo sasa. A5 ni milimita 148 kwa 210. Acha 20 upande wa ndani kwenye gundi, 16 nje, unabaki na mstari wa milimita 112. EB Garamond pointi 13, nafasi ya mstari kwa mstari iwe pointi 16 kamili, usiache ile "single" ya Word ikuamulie. Kwa sababu Garamond ni nyembamba kwa upana, kurasa hazitakuwa nyingi kama unavyohofia, zitakaribiana na za Times 12 huku zikisomeka kwa raha zaidi. Muulize mchapaji anakunja karatasi kwa fomu za kurasa 8 au 16, umalizie idadi inayogawanyika hivo. Maneno yetu marefu yanaleta shida nyingine, ukinyoosha pande zote mbili Word inatanua nafasi kati ya maneno na yanatokea mapengo meupe yanayoshuka ukurasa mzima kama mfereji. Ama kata maneno kwa mkono mwishoni mwa mstari kwa kufuata silabi, wa-li-po-ka-ri-bi-shwa, ni kazi ila inalipa, ama acha upande wa kulia usinyooke. Mimi kwa kitabu ningekata.

Kuna vitu vidogo vitatu vinne ambavyo Garamond inavidai. Mkono wa f unapinda mbele unagongana na nukta ya i, na Kiswahili kimejaa fi: fika, rafiki, safi, wafiwa. Fonti ina herufi maalum iliyounganisha hizo mbili, ila Word inaiacha imezimwa, mwambie kijana aiwashe kwenye mipangilio ya juu ya fonti, sehemu ya ligecha. Hapo hapo kuna namba za mtindo wa kale, zenye kupanda na kushuka kama herufi ndogo, na kwenye historia ya ukoo yenye miaka kila mstari zinafanya 1933 au 1961 ikae ndani ya sentensi bila kupiga kelele. Kwenye majedwali ya vizazi rudisha namba za kawaida zilizonyooka. Ng' nayo, kwenye ng'ombe na ng'ambo, iwe na alama iliyopinda kote, manake ukinakili maneno kutoka WhatsApp unaleta ile iliyonyooka na kitabu kinakuwa na aina mbili. Na bold usiipende sana. Enzi za Garamond haikuwepo, ilikuja karne ya kumi na tisa na matangazo ya biashara, na ukiiweka kwenye kila kichwa inavunja ule utulivu wa ukurasa. Kichwa cha sura kiwe kikubwa tu, pointi 20 hivi, uzito wa kawaida, na nafasi ya kutosha juu na chini.

Umeuliza pia kama unaweza kuitumia kwenye kadi na bango la siku ya uzinduzi. Kadi ndio, inapendeza sana, mradi isishuke chini ya 12. Ratiba ya ibada ndio, lakini ipandishe mpaka 14 kwa sababu kanisani mwanga sio wa kuaminika na wazee wanashika karatasi mbali. Bango hapana. Bango linalotundikwa barabara ya Moshi kwenda Arusha linasomwa na mtu aliye ndani ya Coaster kwa sekunde mbili, herufi ndogo fupi na mistari myembamba vyote vinapotea, chukua fonti nene isiyo na serifu na maneno matano basi. Kwenye simu nayo ukituma tangazo la picha, watu wanatazama kwenye kioo kidogo chenye mwanga wa jua, Garamond inapotea vile vile.

Kwenye kava Garamond inabadilika. Ikiwa kubwa, pointi 40 kwenda juu, ule ustaarabu wa mchongaji unaonekana, mkia wa R unavyotupwa mbele, serifu zilivyopindwa kwa mkono. Ila nafasi kati ya herufi kubwa zitaonekana hazilingani, A na V na W zinaacha mapengo, mwambie kijana asogeze moja moja kwa jicho. Jina la ukoo kubwa, jina lako dogo chini, picha ya nyumba ya zamani uliyonitajia isiguswe na maandishi. Na kabla ya kulipa nakala 300, omba kurasa nne tu zichapwe kwenye karatasi ile ile na mashine ile ile, ukurasa mmoja uwe ule wenye maneno ya Kichagga na mwingine uwe jedwali la vizazi, uwapelekee wale wazee waliolalamika, wazisome nje barazani na wazisome ndani usiku kwa taa. Wakisema bado ndogo panda mpaka 13.5, usipande zaidi bila kupanua na mstari hadi mstari, 17 itatosha.